Umri wa Mawe ya Mwanza

Somo letu leo ni historia, lakini si ya wafalme. Ni historia ya mawe yale makubwa yaliyopandana kando ya ziwa pale Mwanza. Jina lake matale. Wako wasemao yalipangwa na majitu. La, maji yaliyopenya katika nyufa, na jua na mvua, ndivyo vilivyoyachonga. Yenyewe yalitoka chini sana, yakiwa uji wa moto, yakapoa polepole.

Lini? Mtauliza, nani alikuwako akaona? Hakuna. Shahidi ni jiwe lenyewe. Ndani yake mna punje ndogo ziitwazo zirkoni. Punje ilipoganda ilimeza urani kidogo, ikaikataa risasi (nasema madini, si ya bunduki). Urani nayo hugeuka kuwa risasi, bila haraka: hata nusu yake igeuke, hupita miaka milioni 4,500 hivi. Basi risasi ikutwayo leo katika punje imezaliwa humo humo. Pima yote mawili, piga hesabu, umri utaupata. Mwaka 1911 Mwingereza Arthur Holmes, kijana wa miaka 21, alitangaza umri wa mawe kwa njia hiyo.

Matale ya Mwanza yamepita miaka milioni 2,500. Nchi hiyo ni ngumu hata Bonde la Ufa lilipopasuka lilipita kandokando yake, tawi moja mashariki, jingine magharibi, na Ziwa Victoria likakaa katikati.

Sasa andikeni: 2,500,000,000. Hesabuni sifuri zake.