Januari Mosi katika Mwambao wa Tanga

Wazee wetu wa Pongwe na wa mwambao mzima wa Tanga hawakuuanza mwaka wao Januari. Miezi yao iliandama kwa kuonekana hilali, na misimu ya bahari na ya shamba ilihesabiwa tangu Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa jua. Kwa hiyo tarehe mosi Januari ilikuwa siku ya wageni, iliyoingia nchini pamoja na daftari za serikali. Hata hivyo, katika muda wa miaka thelathini na tisa, siku hiyo ilibeba mambo matatu mazito, na yote matatu, kwa njia iliyo dhahiri au iliyofichika, yamegusa lugha ninayoiandika hapa.

La kwanza lilitukia tarehe 1 Januari 1891, katika Mfunguo Nane wa mwaka 1308 wa Hijra. Siku hiyo Serikali ya Ujerumani ilishika yenyewe utawala wa mwambao, ikiupokea kutoka kwa kampuni ya Kijerumani ambayo, ilipojaribu kutawala Pangani mwezi Agosti 1888, ilizusha vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, shujaa aliyenyongwa huko huko Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Sultani wa Unguja, aliyekuwa na haki juu ya ukanda huo, alilipwa marki milioni nne. Watu wa Mrima, ambao nchi ilikuwa yao na makaburi yalikuwa ya jamaa zao, hawakushauriwa.

Utawala huo uliona upesi kwamba hauna njia ya kusema na maliwali, maakida na majumbe isipokuwa Kiswahili; na mwaka 1892 ukafungua shule mjini Tanga, ambamo vijana walifundishwa kuandika kwa herufi za Kirumi lugha ambayo babu zao walikuwa wakiiandika kwa herufi za Kiarabu. Mwaka uliofuata ilianza kujengwa reli, ikapita hapa kwetu Pongwe, ikafika Muheza mwaka 1896. Reli ilivuta mashamba ya mkonge, mkonge ukavuta manamba kutoka bara, na manamba hao, wenye lugha zao mbalimbali, walipokutana katika kambi moja hawakuwa na njia ya kuulizana hali ila Kiswahili.

La pili ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Tarehe 1 Januari 1909, katika Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja ikiwa imekaribia sana, alizaliwa mshairi Shaaban Robert katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, akashika nafasi ya pili katika watahiniwa kumi na mmoja, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha, akaanza kazi Pangani. Yafaa msomaji aizingatie kazi hiyo: jahazi limetia nanga, nahodha ametoa hati ya shehena, mzigo unashushwa, unahesabiwa na kupimwa kwenye mizani, ushuru unakadiriwa, na kila kitu kinaandikwa kwa neno lake hasa, kwa kuwa neno moja likikosewa, ama mwenye mali hudhulumiwa ama serikali hupunjwa. Naamini kwamba ule unyofu wa nathari yake, ambao hauachi neno likae mahali pasipolihitaji, ulilelewa na daftari kama zile. Alipoandika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951 tungali chini ya Waingereza, alimsimamisha barazani Karama, mshtakiwa ambaye kosa lake lilikuwa kutaka watu wafundishwe sheria, akampa siku sita za kujitetea. Na hoja zake ni thabiti kama hesabu iliyokaguliwa, ilhali lugha yake ni tamu kama ushairi.

La tatu likawa tarehe 1 Januari 1930, Rajabu ikimalizika na mwezi wenye jina la mshairi wetu ukiwa karibu kuandama. Siku hiyo ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ikiwa na amri ya kusawazisha tahajia, kukagua vitabu na kutunga kamusi, kwa msingi wa Kiunguja kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kamati ilikuwa mikononi mwa maofisa na wamisionari wa Kizungu. Kazi yao ina manufaa, na kamusi za Frederick Johnson zilizotoka mwaka 1939 zingali na faida; lakini nahuzunika kwamba Kimtang'ata cha pwani yetu, pamoja na Kimvita chenye hazina ya tungo za kale, viliwekwa kando na watu ambao hawakunyonya lugha hiyo kwa mama zao. Karani wa Pangani alitimiza miaka ishirini na mmoja siku ile ile, wala hapakuwa na mtu aliyemwuliza rai yake.

Baadaye aliitwa, akawa mjumbe wa Kamati hiyo hiyo, akiwa amekwisha kuandika Kiswahili ambacho hapana kanuni ya Kamati iliyoweza kukizaa. Alifariki Juni 1962, nusu mwaka baada ya Uhuru. Kamati, iliyokuwa imehamia Nairobi na kisha Makerere, ilirejea Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikageuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

Tarehe 1 Januari 2030 Kamati itatimiza miaka mia tangu kuasisiwa. Natumai sherehe itafanywa Tanga, na kwamba wazee wa Pongwe, Tongoni na Machui watapewa nafasi ya kusema mbele ya wanazuoni, kwa lafudhi yao wenyewe, maneno ambayo kamusi zile ziliyaacha.