Asili ya Kiti: Umbo na Hati

Sisi walimu wa lugha twajua kwamba atafutaye asili ya neno hatosheki na mlio wake. Hutafuta njia lilikopitia. Ndivyo ilivyo pia kwa viti vya kale vya majumba ya mashambani ya Uingereza. Watu wengi wakikiona kiti cha mahogani chenye mgongo uliotiwa nakshi, hukiita "Chippendale", kana kwamba jina hilo ni ushahidi. Sivyo.

Thomas Chippendale alizaliwa Otley, katika jimbo la Yorkshire, mwaka 1718, akawa seremala mashuhuri mjini London. Mwaka 1754 alitoa kitabu cha michoro ya samani. Mafundi wengine wakaiga michoro hiyo, na wa karne ya 19 wakaiiga tena. Naye mwenyewe hakuwa na desturi ya kutia alama kazi zake. Kwa hiyo umbo latuonyesha mtindo tu. Halituambii ni mkono wa nani uliochonga.

Hapana budi, basi, kuzitazama hati. Chippendale alianza kulifanyia kazi jumba la Nostell Priory mwaka 1766, na barua na ankara zake kwa mwenye jumba, Sir Rowland Winn, zimehifadhiwa. Ankara ikitaja viti, navyo vingali mle mle, nasaba yake ni wazi. Lakini jumba likiuzwa na samani zikatawanyika mnadani, nasaba hukatika, na mwongo hupata mwanya.

Hata hivyo, ankara ya seremala haielezi yote. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika, na mahogani ya Jamaika ikaanza kuingia kwa wingi. Miti hiyo ilikatwa na watumwa. Kadhalika Harewood House, jumba ambalo Chippendale alilipamba tangu mwaka 1767, lilikuwa la Edwin Lascelles, ambaye ukoo wake ulitajirika kwa sukari na watumwa wa Barbados.

Basi tuulizapo asili ya kiti, tusikomee kwa fundi aliyekichonga na bwana aliyekikalia. Aliyeuangusha mti naye yumo katika tarihi hiyo, ijapokuwa ankara haimtaji.