Chujio la Hewa: Jina na Kazi Yake

Ukiomba chujio la hewa katika duka la spea Kariakoo, muuzaji atakuelewa, lakini atakujibu kwa jina lake yeye: ea klina ya gari gani? Sina ugomvi na neno hilo la gereji. Limekuja na magari yenyewe, maana ndivyo Toyota wanavyokiita kifaa hicho katika orodha zao za vipuri. Hata hivyo nalipendelea chujio, na sababu yangu inaanzia kwenye injini kabla ya kufika kwenye lugha. Klina humpeleka mtu kwenye kusafisha. Chujio humfanya aulize swali linalostahili kuulizwa dukani: nini kinapita hapa, na nini kinabaki?

Anayechuja tui kwa kifumbu anataka tui lishuke na machicha yabaki juu. Kuchuja ni kuzuia, na chujio hupimwa kwa kile linachokizuia. Wapo wanaodhani kuchekecha kungefaa vilevile, lakini chekecheo hutegemea ukubwa wa tundu tu: punje ikiwa ndogo kuliko tundu, inapita. Karatasi ya chujio la gari haifanyi kazi hivyo. Nyuzi zake zimesongamana ovyo, na punje nyingi ndogo kuliko nafasi zilizopo kati ya nyuzi hunasa zinapojigonga. Vumbi lililokwisha kunasa nalo husaidia kukamata jingine. Ndiyo maana chujio lililotumika kiasi huzuia vizuri zaidi kuliko lililotoka dukani leo, na kulifungua kila wiki ili kulipuliza ni kulirudisha nyuma.

Kazi yenyewe si ndogo. Lita 1 ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa ili iungue sawasawa. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta kati ya lita 3,000 na 4,000 za hewa kila dakika. Sasa liweke gari hilo kwenye barabara ya changarawe kati ya Ngorongoro na Serengeti, nyuma ya magari mengine ya watalii. Vumbi la barabarani mara nyingi lina chembe za kwazi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ambayo chuma cha kuta za silinda hakiwezi kushindana nayo. Zinazoumiza zaidi ni punje za maikroni 5 hadi 20, ambazo jicho halizioni moja moja. Hizo huingia kati ya ringi na silinda, zikasaga kimyakimya mpaka injini ianze kula oili na kutoa moshi wa bluu.

Basi uchague lipi? Kwa gari la kila siku nasema karatasi, na iwe ya mtengenezaji anayeaminika. Chujio la pamba iliyopakwa mafuta, aina iliyojulikana sana kupitia K&N ya California, linaoshwa na kutumika tena, na hewa hulipita kwa wepesi. Wepesi huo ndio unaotangazwa. Mimi huuliza kwanza linazuia kiasi gani, na jibu lipo kwenye kipimo cha ISO 5011, ambacho hulilisha chujio vumbi lililopimwa na kuangalia kilichopenya. Tena mafuta yakizidi wakati wa kulipaka, yanaweza kurukia waya mwembamba wa sensa ya hewa na kuifanya idanganye kompyuta ya gari. Sponji iliyolowekwa mafuta inafaa pikipiki za mashambani. Bakuli la oili la Land Rover za zamani lilikuwa imara, lakini karatasi nzuri hulishinda kwa punje ndogo.

Kuna hofu moja inayowafanya watu walibadilishe mapema: kwamba chujio chafu linakula mafuta. Kwa gari la kabureta ni kweli. Kwa gari la kisasa la petroli, uchunguzi wa maabara ya Oak Ridge nchini Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba ulaji wa mafuta haubadiliki kwa kiasi cha maana. Kinachopungua ni kasi ya gari kuchanganya. Kinachoniuma zaidi ni kuona chujio linagongwa kwenye tairi, kisha linapulizwa na kompresa ya kujazia upepo, mdomo wa bomba ukiwa umeligusa. Karatasi hupasuka mahali ambapo hupaoni mpaka umulike kwa tochi kutoka ndani. Baada ya hapo limebaki jina tu.

Sasa njia ambayo hewa inapita. Uingizaji hewa tayari ni neno la wajenzi, wanapozungumzia madirisha na matundu ya nyumba. Kwa injini ninatumia mfumo wa kuvuta hewa, kwa sababu pistoni inaposhuka huacha nafasi na hewa hufuata. Hata penye turbo, chujio hukaa upande unaovuta. Kitenzi hiki kinaeleza jambo ambalo kuingiza hakulisemi: ufa wowote baada ya chujio utavuta vumbi moja kwa moja, hata kama chujio ni la bei kubwa kuliko yote.

Wanaong'oa boksi la kiwandani na kufunga chujio la wazi chini ya boneti hupata mlio mkali na, mara nyingi, hewa ya moto. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi, uzito wake kwa ujazo uleule huongezeka kwa takriban asilimia 3, na boksi la kiwandani huvuta kutoka mahali penye ubaridi. Aliyetoka Mombasa hadi Nairobi amekwisha kupoteza kama asilimia 16 ya uzito wa hewa kwa sababu ya mwinuko. Hana sababu ya kujiongezea joto. Snokeli, kwa upande wake, ina maana kwenye vumbi kuliko hata kwenye mito, kwa kuwa huvuta hewa kutoka usawa wa paa, juu ya wingu linalotimuliwa na magurudumu. Ila viungo vyake vizibwe kabisa, vinginevyo mtoni itavuta maji, na maji hayabanwi kama hewa: mkono wa pistoni hupinda.

Gari likiwa limezimwa, fungua hozi iliyo baada ya boksi na upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, usikimbilie kununua chujio jipya. Angalia kwanza klipu za hozi, mikunjo yake, na raba ya chujio kama imekaa sawasawa pande zote.