Nyamgondho na Mkewe: Mapenzi Tunayoyaruka Darasani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tufikapo kwenye mighani aghalabu tunamtaja Nyamgondho wuod Ombare kuwa kielelezo cha majivuno, kisha tunafunua ukurasa. Hata wanafunzi wangu hapa Migori, wanaoijua hadithi tangu utotoni, hukumbuka mwisho tu.

Hebu turudi Nyandiwa, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, Kaunti ya Homa Bay, ambako wenyeji huonyesha nyayo za mifugo mwambani. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja alimvua mwanamke mzee, asiyevutia. Tazama wanavyoanza: mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari, na mwanamke asiyetarajia kuposwa. Mwanamke akamwomba ampeleke kwake, naye akakubali. Kulipokucha, boma lilijaa mifugo.

Utamu uko hapo, na sumu pia. Kwa desturi ya Waluo, ng'ombe hutoka kwa mume kwenda kwa wakwe. Hawa walikuja na bibi arusi! Nyamgondho hakutoa chochote ila kule kumvua majini. Ndiyo maana, aliporudi usiku amelewa na lango likachelewa kufunguliwa, tusi lililomtoka lilikuwa hilohilo: kwamba alimwokota ziwani. Je, ni majivuno, au ni hofu ya ajuaye kuwa mali si yake?

Mke alirudi ziwani, mifugo ikamfuata. Mume, ameegemea fimbo, akageuka mti.

Mtahiniwa, ukiulizwa sifa zake, andika pia 'mwenye wasiwasi'. Tusi lile ndilo ithibati yako.