Mteleza Theluji Aliyekataa Kutulia

Innsbruck, 1964: Jimmie Heuga alitwaa shaba ya slalomu, nyuma ya mwenzake Billy Kidd aliyepata fedha. Kabla yao, hakuna mwanamume Mmarekani aliyewahi kupata medali ya Olimpiki katika mbio za kuteremka milima kwa ski.

Mwaka 1970 aligunduliwa kuwa na maltipo sklerosisi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Madaktari wa enzi hizo walishauri jambo moja: pumzika, usijichoshe.

Alitii, akazidi kudhoofu. Ndipo akarudi mazoezini, na mwaka 1984 akaanzisha kituo huko Colorado kuwafundisha wagonjwa wenzake. Ulikuwa ujasiri wa kweli, kwani utafiti wa Utah ulioonyesha faida za mazoezi kwa wagonjwa hao ulichapishwa 1996.

Hakuwa mwanamichezo wa mwisho kukataa kutulia: mwaka 2013, kipa wa hoki ya barafuni Josh Harding alikuwa akidaka katika ligi ya NHL akiwa na ugonjwa huohuo.