Kila Mtu Alifanya Kazi Yake

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii naomba nianze na kisa kilichonikuta mimi mwenyewe.

Mwaka 2006 nilikuwa mtangazaji katika kituo kimoja cha redio, ambacho sitakitaja. Siku ya Alhamisi asubuhi familia moja ilileta mapokezi tangazo la kifo: maziko ni Jumamosi. Karatasi ile ikaenda uhasibu kulipiwa, kisha ikaenda kupigwa chapa. Ikiwa bado huko, ndugu wa marehemu akapiga simu chumba cha habari: maziko hayatangoji tena Jumamosi, yatafanyika Ijumaa saa kumi jioni. Mwenzetu akaandika marekebisho, akayapeleka studio kwa mkono wake, na mtangazaji wa zamu ya mchana akayasoma. Mimi niliingia jioni. Saa mbili usiku ikaletwa ile karatasi ya kwanza, imepigwa chapa vizuri na ina mhuri wa uhasibu. Nikaisoma. Waliosikia mara zote mbili wakashika la mwisho.

Jumamosi asubuhi alikuja mzee mmoja, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Mlandizi kuja kumzika dada yake, akakuta kaburi limekwisha funikwa tangu jana. Akaniuliza, "Mwanangu, ni wewe uliyesoma?" Nikamjibu, "Ni mimi, mzee wangu. Nisamehe." Hakuongeza neno.

Kiliitishwa kikao. Kila idara ikaja na daftari lake. Mapokezi walipokea na kuandika. Uhasibu walikata risiti. Chumba cha habari walipeleka marekebisho dakika ile ile. Mimi nilisoma kilichokuwa mezani, neno kwa neno. Tulitafuta aliyekosea tusimwone. Kosa halikuwa kwa mtu yeyote. Lilikuwa katikati yetu, katika njia mbili zilizopitana.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu nimekuwa nikisoma historia ya namna programu za kompyuta zinavyojaribiwa kabla ya kukabidhiwa kazi. Nimegundua kwamba mabingwa wa nchi zilizoendelea walihangaika miaka mingi na jambo lile lile lililompata mzee wa Mlandizi.

Mwaka 1973, huko Marekani, Carl Hewitt wa chuo cha MIT na wenzake Peter Bishop na Richard Steiger walitoa andiko lililopendekeza namna mpya ya kuifikiria kompyuta. Badala ya programu moja kubwa inayofanya kila kitu, kuwe na watendaji wengi wadogo. Kila mtendaji ana kazi yake na kumbukumbu zake, na hakuna anayeruhusiwa kuchungulia daftari la mwenzake. Akitaka jambo, hutuma ujumbe. Ujumbe huingia katika sanduku la mpokeaji, naye huushughulikia zamu yake ikifika. Kwa maneno mengine, ni ofisi yenye watu wengi wanaoandikiana vikaratasi.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, na bila kuchukua wazo hilo kutoka kwa Hewitt, mafundi wa kampuni ya simu ya Ericsson nchini Sweden walifika mahali hapo hapo. Kuanzia mwaka 1986, Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walitengeneza lugha ya kuandikia programu za mitambo ya simu. Waliiita Erlang, jina la mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, ambaye mwaka 1909 alitoa utafiti wake juu ya namna simu zinavyoingia kwa wingi katika mtambo. Kwa watu wa simu wazo hili halikuwa la ajabu. Simu laki moja zinapopigwa kwa wakati mmoja, ni laki moja ya mazungumzo yasiyojuana, na moja ikikatika nyingine hazipaswi kukatika.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Katika Erlang, mtendaji mmoja akimtumia mwenzake ujumbe mara mbili, wa kwanza utafika kabla ya wa pili. Hilo mpangilio unalilinda. Lakini watendaji wawili tofauti wakimtumia mtu mmoja, hakuna ahadi yoyote ya nani atatangulia. Karatasi ya mapokezi na karatasi ya chumba cha habari, ndugu msikilizaji! Leo itatangulia hii, kesho ile, na zote mbili ni halali.

Hatari ya jambo hili ilidhihirika mchana wa tarehe 15 Januari 1990, katika mtandao wa simu za masafa marefu wa kampuni ya AT&T huko Marekani. Mtandao ule ulikuwa na mitambo mikubwa 114 iliyokuwa ikipelekeana ujumbe. Mtambo mmoja wa New York ulipata hitilafu ndogo, ukawaarifu majirani kwamba haupokei simu, ukajirekebisha kwa sekunde chache, ukarudi kazini. Hadi hapo kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Jirani aliyepata ujumbe wa kwanza baada ya mtambo ule kurudi alianza kusahihisha kumbukumbu zake. Akiwa bado anasahihisha, ujumbe wa pili ukamfikia chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde baada ya ule wa kwanza. Katika programu mpya iliyowekwa mwezi Desemba 1989, palikuwa na amri moja iliyokaa pasipo pake. Ujumbe wa pili ukaharibu kumbukumbu, mtambo ukajizima ili ujirekebishe, na uliporudi ukawapelekea majirani zake balaa lile lile. Kwa muda wa saa tisa karibu nusu ya simu zilizopigwa katika mtandao ule hazikupita.

Tusidhani kwamba programu ile haikujaribiwa. Ilijaribiwa sana. Lakini majaribio hayakupata kuleta ujumbe wa pili katika ule upenyo mwembamba wa wakati. Mahali kasoro ilipojificha hapakuwa katika mtambo mmoja ukiwa peke yake. Palikuwa katika mpangilio wa kuwasili kwa ujumbe.

Miaka minne kabla yake, mjini Tyler, jimbo la Texas, watu walilipa gharama kubwa zaidi. Mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iitwayo Therac-25, iliwachoma wagonjwa wawili kwa mionzi mingi kupita kiasi mwezi Machi na Aprili 1986, nao wakafa. Programu ya mashine hiyo haikuwa ya kutumiana ujumbe. Kazi zake kadhaa ziliandika katika daftari moja kwa wakati mmoja. Lakini ugonjwa ni wa ukoo ule ule. Baada ya ajali ya kwanza mafundi wa kiwanda waliipima mashine wasione kitu, ikarudishwa kazini, ikaua tena. Ndipo mwanafizikia wa hospitali akakaa na yule mama mwendesha mashine, wakarudia na kurudia, mpaka wakagundua siri: kosa linatokea pale mwendeshaji anaposahihisha maandishi kwa haraka, ndani ya sekunde nane. Mtu aliyekwisha zoea kazi huandika upesi. Fundi anayepima huandika polepole, naye haoni kitu.

Hapa tunapata fundisho la kwanza la historia hii. Mtu hawezi kutegemea vidole vyake na subira yake kuzijaribu programu za namna hii. Jaribio lazima liandikwe, na kompyuta yenyewe iliendeshe usiku na mchana, kila programu inapobadilishwa.

Je, linaandikwaje? Njia ya kwanza ni nyepesi. Unamwamsha mtendaji mmoja, unamtumia ujumbe, unamwekea muda wa kujibu, kisha unalilinganisha jibu lake na lile linalotakiwa. Kama kazi yake ni kuwaandikia wengine, unamwekea mtendaji wa kuigiza, ambaye kazi yake ni kupokea na kuorodhesha alichoandikiwa. Ni njia nzuri, na haifai kuachwa. Lakini ndicho tulichokifanya sisi kikaoni: tulimkagua kila mmoja peke yake, na kila mmoja akafaulu.

Njia ya pili imewaponza wengi. Mwandishi wa jaribio hajui jibu litafika lini, basi huiambia kompyuta, "Ngoja sekunde mbili, halafu tazama." Juu ya meza yake jaribio hupita. Kwenye kompyuta iliyoelemewa na kazi, sekunde mbili hazitoshi, jaribio huanguka. Likirudiwa, hupita. Baada ya wiki chache wafanyakazi huzoea: likianguka, wanaliendesha tena mpaka lipite. Siku litakapoanguka kwa sababu ya kasoro ya kweli, nalo litarudiwa mpaka lipite. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ufa ambao watu huupaka chokaa.

Njia ya tatu ilianzia mjini Gothenburg, Sweden. Mwaka 2000, Koen Claessen na John Hughes wa chuo cha Chalmers walitoa chombo walichokiita QuickCheck. Walisema hivi: mwanadamu asijichoshe kubuni mifano mmoja mmoja, maana atabuni ile tu anayoifikiria, na kasoro hukaa pale asipopafikiria. Badala yake aandike kanuni ambayo haipaswi kuvunjika kamwe, kisha aiachie kompyuta ibuni mamia ya mifano kwa bahati nasibu, ikitafuta mfano mmoja wa kuivunja. Baadaye ikaongezwa kwamba ikiupata, iupunguze hatua kwa hatua mpaka ubaki mfano mdogo kabisa ambao bado unaivunja, ili fundi aone kiini cha kosa.

Mwaka 2006, mwaka ule ule wa aibu yangu, Hughes na Thomas Arts walianzisha kampuni ya kuipeleka njia hiyo kwa watu wa Erlang. Na mwaka 2009 wao na wenzao walieleza chombo kingine, PULSE. Chombo hiki hujifanya msimamizi wa zamu: huamua mtendaji gani aende sasa na ujumbe upi ufike kwanza. Huchanganya mpangilio kwa makusudi, kama mtu anayechanganya karata, lakini huandika kila alichofanya. Kosa likitokea, karata zile zile zinaweza kupangwa tena vile vile na kosa likaonekana tena mbele ya macho ya fundi. Mambo hayo mawili ndiyo moyo wa jambo zima: kuchanganya mpangilio, na kuweza kuurudia.

Na matunda yake yalionekana. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilikuwa ikisumbuliwa na hitilafu katika sehemu ya Erlang inayotunza kumbukumbu kwenye diski. Hitilafu ilikuja na kutoweka, na mafundi walipoteza majuma kadhaa wakiisaka. Wengine walishuku kwamba chanzo ni wingi wa kumbukumbu zenyewe. Majaribio ya kuchanganya zamu yaliibua kasoro kadhaa za kupitana, na mifano iliyozionyesha ilikuwa midogo mno: amri chache, na kumbukumbu moja au hata bila kumbukumbu yoyote. Zilipoonekana wazi, kuzirekebisha hakukuchukua muda mrefu.

Pengine utasema hayo ni ya Wasweden. Lakini, ndugu yangu, ukituma ujumbe wa WhatsApp kutoka Kariakoo kwenda Mombasa, unapita katika programu iliyojengwa kwa Erlang. Mwaka 2014, kampuni ya Facebook ilipotangaza kuinunua WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19, wahandisi wake walikuwa wachache kuliko wanafunzi wa darasa moja la shule zetu za msingi. Kwa hiyo mambo haya yamo mfukoni mwako.

Nisieleweke vibaya. Majaribio hayathibitishi kwamba kasoro haipo. Huonyesha iliyopo tu, na Edsger Dijkstra wa Uholanzi alikwisha lionya hilo tangu miaka ya 1960 na 1970. Mpangilio wa ujumbe ukiwa na watendaji kumi tu ni mwingi kupita hesabu ya mwanadamu. Lakini kuna tofauti kati ya asiyeweza kuona yote na asiyetazama.

Leo hospitali zetu, benki zetu na ofisi za serikali zinanunua programu za kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe. Malipo yanatoka hapa, risiti inatoka pale, marekebisho yanatoka kwingine. Siku ya makabidhiano muuzaji huja na orodha: hiki tumekijaribu, kimepita, hiki nacho kimepita. Ombi langu kwa wanaotia saini ni swali moja tu la kuongeza: je, mmejaribu marekebisho yatangulie kabla ya jambo linalorekebishwa? Mmejaribu la pili lifike kabla la kwanza halijamalizika? Na kama kosa likitokea, mnaweza kulirudia tukaliona? Asiyeweza kujibu, apewe muda akajaribu.

Sisi kituoni tulichukua hatua mbili. Kila tangazo lilipewa namba tangu mapokezi, na marekebisho yakawa yanabeba namba ile ile na saa yake, ili karatasi ya zamani isisomwe juu ya mpya. Kisha kila Jumatatu mkuu wa zamu alituletea studio karatasi za uongo, amezivuruga makusudi, aone nani atazisoma. Wiki ya kwanza nilinaswa mimi. Wiki ya nne hakunaswa mtu.

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Tungeifanya mwezi mmoja kabla, mzee wa Mlandizi angemzika dada yake.