Springi za Nyuma: Stori ya Mafundi Wasiotajwa

Wadau, zile stori za nani kaachana na nani zipumzike kidogo. Leo ni zamu ya springi za nyuma. Ndiyo, springi. Tulieni, ina utamu wake.

Ukitoka Tanga mjini kwenda Horohoro ni lami, kilomita 65 hivi mpaka mpakani na Kenya. Altezza iliyoshushwa inateleza humo kama ngalawa yenye upepo mzuri. Shida inaanza ukiiacha lami na kuelekea baharini, Moa, kule pwani ya Mkinga. Hapo ni vumbi, mchanga na mifereji iliyochimbwa na mvua za masika. Gari iliyokatwa springi ikiingia njia hiyo, ekzosi ndiyo inatangulia kusalimia wenyeji.

Kijana anayekata springi kwa grainda uani kwao anaona kabuni kitu kipya. Wapi! Kuchezea nyuma ya gari ni mchezo wa zamani sana Afrika Mashariki. Tofauti ni kwamba wakongwe walikuwa hawashushi. Walinyanyua.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakahamishiwa wakati wa Pasaka, yaani mvua inamwagika kweli kweli. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Siyo kwamba madereva walikuwa hawajui. Magari yalikuwa yanavunjika, na nyuma ndiko kwenye mzigo: tangi la mafuta, matairi ya akiba, vifaa, na matope yanayoganda chini. Tairi ikitumbukia shimoni kwa kasi, hayo yote yanashuka na kugonga springi kwa pamoja.

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Makampuni ya Ulaya yalileta madereva wao wakali, na kuanzia 1953 mpaka 1971 hakuna dereva wa nje aliyeshinda. Hakuna hata mmoja! Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, na Ford Escort. Kabla ya hapo walitamba wenyeji, watu wa gereji za huku huku. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, alichukua 1966 na 1967 na Peugeot 404.

Joginder Singh ndiye balaa lenyewe. Baba yake alikuwa na gereji Kericho, na huko ndiko alikojifunzia kushika spana. Mwaka 1965 alishinda na Volvo PV544 ambayo ilikuwa mtumba, gari iliyokwisha kutumika na timu ya kiwanda mwaka mmoja nyuma. Yeye na mdogo wake Jaswant waliiandaa, wakaingia nayo, wakawaacha wenye magari mapya midomo wazi. Mwaka 1974 akarudi na Mitsubishi Lancer, gari ambayo nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa, kama za pikapu ya kubebea nazi. Aliyemaliza wa pili? Björn Waldegård, ndani ya Porsche 911. Pikapu ya nazi imempiga Porsche. Aisee.

Porsche walirudi 1978 wakiwa wamejipanga. Waliinyanyua 911 mpaka tumbo likawa sentimita 28 hivi kutoka ardhini. Fikiria hilo: gari ya spoti yenye heshima zake Ulaya, imefika huku ikavalishwa viatu virefu. Wakapata nafasi ya pili na ya nne. Ushindi ukaenda kwa Peugeot 504.

Gari ya spoti iliyofanya kweli ni Datsun 240Z. Ilishinda 1971, na ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala ambaye familia yake ilikuwa imetoka kufukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka mmoja kabla. Mehta alimaliza akiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, ikabidi sheria ya kuvunja sare ndiyo iamue. Maelfu ya kilomita, halafu sare!

Nyuma ya 240Z kila tairi inajitegemea, na shokapu imekaa katikati ya springi. Subaru nyingi za mtaani nazo ni hivyo hivyo. Ukiinyanyua sana, shafti zinazozungusha matairi zinapinda pembe na viungo vyake vinakufa mapema. Ukiishusha, tairi zinalala kwa juu kuelekea ndani na zinalika upande mmoja. Kwa hiyo fundi wa enzi zile hakuwa anaweka tu springi ndefu basi. Alitafuta springi ngumu kiasi, shokapu ya kuendana nayo, na akachomelea vyuma vya kuongeza nguvu pale shokapu inaposhika bodi, maana bodi ndiyo inachanika kwanza.

Na wengi hapa wanachanganya. Shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inabeba, shokapu inaituliza isirukeruke. Ukikata mizunguko miwili ya springi ukaacha shokapu ile ile, springi iliyobaki inakuwa ngumu zaidi na fupi. Siku tairi ikining'inia hewani, springi inaweza kuchomoka kwenye kiti chake, na unajua kilichobaki. Wanaoichoma kwa gesi ili ilale ndio wanaitafuta kabisa, kwa sababu moto unaua ugumu wa chuma. Altezza ilitoka Japani kuanzia 1998 na mikono miwili kila tairi, kazi ya wahandisi waliopima kila pembe. Halafu inakuja kuharibiwa chini ya mwembe kwa dakika ishirini.

Siyo kwamba chini ya mwembe hapafai. Kazi nzuri imefanyika sana chini ya miembe. Fundi wa pwani anayejua kazi anaweka springi nzima iliyotengenezwa kwa urefu huo, au anaweka spesa fupi na kurudi kupima pembe za matairi. Tena anaangalia kutu, kwa sababu huku upepo wa chumvi unakula springi polepole mpaka siku moja inakatika yenyewe.

Vitabu vimejaa Joginder, Mehta na Shankland, na wanastahili. Ila kwenye zile picha za zamani angalia pembeni ya gari. Kuna mtu amelala kifudifudi kwenye matope, miguu tu inaonekana, tochi mdomoni. Chini ya picha limeandikwa jina la dereva.

Mwaka 2003 yalianza mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic. Waldegård alirudi, akashinda 2007 na Escort. Mwaka 2011, akiwa mzee wa miaka 68, akashinda tena. Safari hii ndani ya Porsche 911, ile ile aina iliyomnyima ushindi 1974. Ilikuwa imenyanyuliwa.